Nguzo Zitakazooneshwa na Mdaiwa

Siku aliyokosekana Sosthenes Kaduma ilikuwa Jumanne, tarehe nne Machi mwaka jana. Asubuhi alikunywa chai ya rangi na kiporo cha viazi katika chumba alichopanga Iyunga, Mbeya, halafu akampigia simu mkewe Faustina, aliyekuwa nyumbani kwao Mlandege, Iringa. Akamwambia mvua imekatika na mtungi utawashwa saa mbili. Saa mbili mtungi uliwashwa. Saa kumi jioni ukazimwa. Tangu hapo hakuna mtu hata mmoja aliyesimama mbele ya polisi au hakimu akasema, mimi nilimwona.

Sosthenes alikuwa fundi wa mtungi wa kampuni ya Mwasenga Nguzo. Kazi yake ilikuwa kuingiza nguzo za miti ya mlingoti ndani ya mtungi mrefu wa chuma, kuufunga, na kuzisukumia dawa ya kijani mpaka iingie ndani ya mti, ili mchwa na unyevu visiziguse kwa miaka thelathini. Nguzo hizo zilinunuliwa na kampuni ya Lukosi Umeme ya Iringa, iliyokuwa ikipeleka nyaya katika vijiji vya Kilolo. Januari mwaka huu nguzo moja ilikatika fundi akiwa juu. Aliyekwenda kuitazama alisema ndani ilikuwa unga. Nguzo ishirini na tatu za mstari ule zilikuwa hivyo hivyo.

Lukosi walishitaki. Mwasenga wakajibu kwa maandishi kwamba nao wameumizwa: fundi wao Sosthenes Kaduma aliiba mapipa kumi na mawili ya dawa, akachovya nguzo kwa maji yenye rangi tu, kisha akatoroka. Kwa jibu hilo polisi wakatoa hati ya kumkamata mtu ambaye hawakuwahi kumtafuta alipopotea.

Mahakama ilimteua Evarista Kindole kukagua kiwanja cha Mwasenga na kuandika taarifa. Alikuwa amestaafu polisi baada ya miaka ishirini na miwili ya upelelezi, na watu wengi bado walimwita afande. Siku moja kabla ya ukaguzi alipita Mlandege kumuuliza Faustina jambo moja tu.

"Daftari la mtungi, lile la kuandika dawa ya kila siku, aliwahi kuja nalo nyumbani?"

"Daftari la mtungi halitoki kazini, dada. Hata harufu ya dawa alikuwa anaiacha kule, anaoga kabla hajapanda basi." Faustina alikuwa anachambua maharage kwenye ungo na hakuinua macho. "Kama ni mwizi, waniambie ni mwizi. Kama amekufa, waniambie amekufa. Ila wasiniambie hawajui, halafu waje tena kupekua kabati langu. Polisi wamekuja mara tatu. Mara ya tatu mwanangu wa kike aliwafungulia mlango mwenyewe, akawaonesha kabati lilipo."

Evarista aliaga bila kuahidi kitu.

*

Alhamisi saa mbili asubuhi alikuwa kwenye geti la Mwasenga, Iyunga, pamoja na Anania, afisa misitu mstaafu aliyeteuliwa kumsaidia kupima mbao. Baridi ya Juni ilikuwa kali kiasi kwamba walinzi walikuwa wamejifunga mablanketi. Mawakili wa Lukosi walikuwa wametuma barua kwamba ukaguzi uendelee bila wao. Wakili wa Mwasenga, kijana nadhifu aitwaye Liberatus, alikuwepo tangu saa moja na nusu, na alikuwa ameshaisoma amri ya mahakama mara nyingi kuliko aliyeiandika.

"Afande, shikamoo. Karibu sana. Tatizo dogo tu. Amri yako inasema Kiwanja Namba 74. Hapa ni 47."

"Marahaba. Kiwanja namba 74 ni cha nani?"

"Sijui. Labda ni cha kanisa."

"Kina nguzo?"

"Hilo si langu kujibu, afande. Mimi nasoma kilichoandikwa."

Walikaa getini saa mbili na dakika arobaini. Evarista alimpigia karani, karani akamtafuta msajili, msajili alikuwa kwenye kikao. Karatasi iliyosahihishwa ilikuja kwa pikipiki saa tano kasoro, imepigwa muhuri juu ya namba mpya. Liberatus aliigeuza akaitazama mgongoni, kisha akawapisha.

Meneja wa kiwanja, Gwakisa, aliwapokea kwa mikono miwili. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole. "Karibuni, karibuni. Ndaga sana, asanteni. Hapa hatuna siri, afande. Nguzo zenu hizi hapa."

Nguzo thelathini zilikuwa zimepangwa karibu na geti, zimefutwa vumbi, kila moja na kibandiko cha karatasi. Nyuma yake, mpaka kwenye ukuta wa mbali, zilikuwepo nyingine zaidi ya mia nane.

"Nani amezichagua hizi?" Evarista aliuliza.

Liberatus alikuwa na jibu tayari. Akasoma kwa sauti, pole pole, kama mtu anayesoma somo kanisani: "'Mkaguzi atapima nguzo thelathini zitakazooneshwa na mdaiwa, na atakagua ghala, mtungi na mabaki ya kazi yaliyomo ndani ya kiwanja.' Mdaiwa ni sisi. Tumekuonesha."

Evarista aliijua sentensi ile. Mawakili wa Lukosi waliikubali ili wapate amri upesi, na yeye alipoiona kwa mara ya kwanza ilikuwa imeshatiwa saini.

Anania alianza kazi. Alikuwa na keekee ya mkono yenye bomba. Alitoboa kila nguzo na kutoa kijiti chembamba kama penseli, akakilaza kwenye karatasi. Kila kijiti kilikuwa kijani kuanzia nje mpaka upana wa vidole viwili, kisha cheupe. Ndivyo nguzo iliyotibiwa vizuri inavyotakiwa kuwa. Cha kwanza, cha kumi, cha ishirini na tisa. Vyote vilifanana.

"Andika, afande," Gwakisa alisema kwa furaha. "Andika thelathini kwa thelathini."

"Naandika. Sasa nataka kutoboa ile." Evarista alionesha nguzo moja ya mstari wa nyuma.

"Ile haijaoneshwa," Liberatus alisema.

"Naiona."

"Unaiona, afande, lakini hujaoneshwa."

Walinzi walicheka. Evarista aliandika nguzo thelathini, thelathini nzuri, na chini yake akaandika saa na maneno ya wakili.

Ghala lilikuwa na mapipa manane ya dawa na sehemu tupu sakafuni.

"Hapo ndipo yalipokuwa yale kumi na mawili," Gwakisa alisema. "Tulikuja kuhesabu ghala tarehe ishirini Machi, tukakuta hayapo. Mimi mwenyewe nililia."

"Kabla ya tarehe ishirini hamkujua lolote?"

"Tungejuaje? Fundi alikuwa yeye. Nguzo ikitoka mtungini ni ya kijani. Ukiitazama kwa nje, nzuri na mbaya zinafanana."

"Pipa moja lina uzito gani?"

"Kama kilo mia mbili na hamsini."

"Sosthenes alikuwa na gari?"

Gwakisa alifikiri kidogo. "Alikuwa na baiskeli."

"Wezi wana marafiki, afande," Liberatus alisema.

"Kitabu cha geti kiko wapi?"

Kililetwa. Evarista alikipekua akaona kurasa za Februari na Machi zimeandikwa kwa mwandiko mmoja na kalamu moja ya wino mweusi. Zilionekana kama zimeandikwa upya kwa siku moja. Akamwita mlinzi wa zamu, akamwambia aandike jina lake. Mwandiko ulikuwa ule ule. Kalamu nayo ilikuwa ile ile, imefungwa kwa kamba kwenye meza ya geti tangu mwaka juzi. Akakifunga kitabu.

"Na daftari la mtungi?"

"Alikimbia nalo," Gwakisa na Liberatus walisema karibu kwa pamoja.

*

Saa saba walitoka kula. Nje ya geti, ng'ambo ya mtaro, kulikuwa na kibanda cha mama lishe aitwaye Mbuke, mwanamke wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia Ubaruku na ng'ombe wao kabla hajazaliwa. Alikuwa anapika wali na maharage kwenye majiko mawili ya mafiga, na moshi ulikuwa unamfuata kila alikohamia.

"Karibu mama, karibu mayu. Kaa hapa, upande huu hakuna moshi. Kwa sasa."

Evarista alichuchumaa apate joto la mikono. Anania hakukaa. Alikuwa anautazama moto.

"Mama, hizo kuni umezitoa wapi?"

Ndani ya mafiga kulikuwa na vipande vya duara, vinene kama mkate, vyenye ganda la kijani. Vilikuwa vipande vya mwisho wa nguzo, vinavyokatwa mteja akitaka nguzo fupi.

"Hapo ndani. Wananipa."

"Hizo zina dawa! Moshi wake ni sumu, unaua!"

Mbuke alimtazama kuanzia viatuni. "Baba, mwaka mzima na zaidi napikia hizi. Wateja wangu wananenepa tu. Tazama yule meneja wao, anakula hapa kila siku. Huyo anafanana na mtu aliyelishwa sumu?" Alinyanyua kawa juu ya sahani iliyojaa. "Hii hapa yake, nimemfunikia."

Evarista alichukua kipande kimoja ambacho hakijaingia motoni na kisu cha Anania. Alikwangua pembeni. Ukijani ulitoka kwa mkwaruzo mmoja, kama ukoko mwembamba. Chini yake mti ulikuwa mweupe mpaka katikati. Akachukua cha pili na cha tatu.

"Hii imepakwa kwa brashi," Anania alisema kwa sauti ya chini. "Haijaona mtungi."

"Mama Mbuke, nani anakupa?"

"Gwakisa. Analeta mwenyewe kwa toroli. Hapo ndipo ninapomsifu. Kwenye baridi hii mtu kukupa kuni si jambo dogo."

"Tangu lini?"

"Tangu yule fundi aondoke. Sosthenes alikuwa mbaya! Alikuwa anavifukia vipande vyote, kimoja kimoja, kama anazika watoto. Siku moja nilichukua kimoja tu, nikakitia motoni. Alikuja mbio, akamwaga sufuria langu la maharage chini. Lote! Nilimtukana mpaka nikaishiwa. Wiki iliyofuata kaja na debe la maharage kutoka kwao Iringa, ananiambia, dada, moshi ule ungewaua watu wako."

"Siku ya kwanza Gwakisa kukuletea kuni unaikumbuka?"

"Sana. Ilikuwa Jumatano ya Majivu. Vibarua wawili walikuja kula na majivu usoni, mimi kwa sababu si mtu wa kanisa nikawaambia wakanawe. Wakanicheka. Ndipo Gwakisa akaja na toroli limejaa. Nikamwambia, Sosthenes atanimwagia tena. Akasema, hizi hazina shida, pika tu."

Evarista alihesabu. Jumatano ya Majivu mwaka jana ilikuwa tarehe tano Machi. Siku moja baada ya mtungi kuzimwa. Siku kumi na tano kabla ya Gwakisa kulia ghalani. Mtu asiyejua kwamba nguzo hazina dawa hawezi kumpa mama lishe kuni zake, halafu mchana akaja kula chakula kilichopikiwa kuni hizo. Mwasenga walikuwa wamepanga kila kitu cha kuoneshwa mahakamani. Kuni walishindwa kuzitupa, kwa sababu Mbeya hakuna mtu anayetupa kuni mwezi wa Juni.

Lakini hilo lilimgusa Gwakisa tu. Sosthenes bado angeweza kuwa ndiye aliyezipaka nguzo zile. Palibaki mahali pamoja pa kujibu.

"Alikuwa anavifukia wapi?"

"Nyuma ya mtungi. Alichimba shimo mwenyewe." Mbuke akaitazama kalamu ya Evarista. "Mayu, haya unayaandika?"

"Nayaandika."

"Basi nifute. Kesho nitauza wapi?"

Liberatus alikuwa ameshavuka mtaro. Alitazama vipande vitatu mkononi mwa Evarista na hakupoteza muda. "Afande, kiwanja kinaishia ukutani. Hapa ni hifadhi ya barabara. Hizo ni takataka za mama lishe, hazimo kwenye amri."

Mbuke aliweka mwiko chini. "Takataka za nani?"

"Mama, sijazungumza na wewe."

"Umenizungumzia. Wewe si ndiye ulikula hapa jana, ukasema wali una mawe, ukaongeza sahani ya pili?" Alivichukua vile vipande vitatu mkononi mwa Evarista, akaongeza vingine viwili, akavirudisha vyote vitano kwenye pindo la koti lake. "Chukua, mayu. Ni vyangu, nimepewa, nami nakupa. Na jina langu ni Mbuke Nyanda. Usifute."

*

Nyuma ya mtungi hapakuwa na shimo. Palikuwa na zege, hatua sita kwa nne, limesawazishwa vizuri, na juu yake tairi moja lililochakaa.

"Jukwaa la jenereta," Gwakisa alisema. Safari hii hakusema karibu.

"Jenereta liko wapi?"

"Linakuja."

Evarista alisogeza tairi kwa mguu. Kwenye pembe ya zege, fundi aliyelimwaga alikuwa ameandika kwa ncha ya msumari likiwa bado bichi, kama mafundi wote wanavyofanya kazi ikiwapendeza: *S. Sedekia 7/3/2025*. Alipiga picha mara nne na rula pembeni.

"Siku tatu baada ya fundi wenu kukosekana mlikumbuka jenereta."

"Ni bahati mbaya tu ya tarehe," Liberatus alisema.

"Chini ya zege hili kuna mabaki ya kazi. Amri inayataja. Yakitoka na ukijani wa vidole viwili, Sosthenes alikuwa anatibu nguzo sawasawa mpaka siku ya mwisho, na habari ya wizi imekwisha. Yakitoka kama haya ya mama Mbuke, basi ninyi mko sahihi. Nipeni sululu."

"Amri inasema kukagua. Haisemi kuvunja."

"Nitachimba pembeni."

"Haisemi kuchimba."

"Meneja, wewe hutaki kujua? Ulilia ghalani."

Gwakisa alimtazama wakili wake. Alikuwa anatoka jasho katika baridi ile. "Mimi... afande, kuni ni kuni. Ungetaka tuzitupe?"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza habari ya kuni. Liberatus alimshika bega akamrudisha ofisini, na mlango ukafungwa. Evarista aliandika swali, akaandika jibu, akaandika saa tisa na dakika kumi. Kisha alikaa juu ya tairi, na Anania akakaa naye. Hawakuwa na la kufanya juu ya zege lile isipokuwa kulipima kwa futi, na walishalipima.

*

Ijumaa asubuhi msajili alisoma taarifa yote bila kuinua kichwa. Liberatus alikuwa amekesha akiandika pingamizi. Lilikuwa refu kuliko taarifa.

"Mama Kindole, hii kazi ni nzuri," msajili alisema. "Lakini nguzo thelathini ni nzuri, na umeandika mwenyewe kwamba ni nzuri."

"Nimeandika pia nani alizichagua."

"Amri ilimruhusu. Hizi kuni siwezi kuzipokea chini ya amri hii, zilitoka nje ya kiwanja. Huyo mama ale kiapo, kiapo kiletwe na upande wa mdai, upande wa pili ujibu. Kuhusu zege, kulivunja kunahitaji ombi jipya mbele ya jaji."

"Lini?"

Msajili alipekua kalenda mbele, akarudi nyuma, akaenda mbele tena. "Tarehe kumi na sita Julai. Kwa sasa naweza kuamuru zege lisiguswe na mtu yeyote. Hilo liko ndani ya uwezo wangu."

"Na hati ya kumkamata Sosthenes?"

"Hiyo ni ya polisi. Hapa ni madai."

"Polisi wanasema wanasubiri mahakama."

"Basi wasubiri," msajili alisema, naye alionekana kuchoka. Akagonga muhuri.

Nje, kwenye ngazi, Evarista alimpigia Faustina. Simu iliita mara mbili.

"Kamwene, dada Faustina."

"Kamwene. Sema tu."

Alimwambia yote kwa mpangilio: nguzo, kuni, debe la maharage, zege, tarehe. Hakuongeza wala kupunguza. Upande wa pili kulikuwa na kelele za soko la Mlandege, kisha kelele zikapungua, kama mtu aliyeingia ndani na kufunga mlango.

"Kwa hiyo bado ni mwizi?"

"Kwenye karatasi, bado."

"Na wewe mwenyewe unasemaje?"

"Mimi sina ushahidi wa kutosha kusema."

"Hilo debe," Faustina alisema. "Mimi ndiye niliyelijaza. Aliniambia amemkosea dada mmoja. Sikumuuliza ni nani. Chini ya hilo zege kuna vipande tu?"

"Sijui, dada."

"Hujui, au hutaki kusema?"

"Sijui. Na mpaka Julai siruhusiwi kujua."

Faustina alisema sawa, akauliza tarehe tena, akaomba asubiri achukue kalamu. Evarista alisubiri. Kisha akamtajia tarehe, saa na namba ya chumba cha mahakama, naye akairudia kila moja.

Ombi la kuvunja zege litasikilizwa tarehe kumi na sita Julai, saa tatu asubuhi. Amri ya msajili inakataza mtu yeyote kuligusa hadi siku hiyo, na nakala yake imebandikwa kwenye geti la Iyunga. Kuhusu nguzo mia nane za mstari wa nyuma haisemi kitu. Mwasenga wamepata mteja mwingine, na malori yanazipakia kila siku kuanzia saa mbili.